VIKARAGOSI VYA USUKUMANI: WALIOVICHONGA NI AKINA NANI?

Taja vikaragosi, vijana wengi watakutajia XYZ Show ya Kenya, ile iliyoanza 2009, ya mchora katuni Gado, Mbongo mzaliwa wa Dar. Safi. Ila Usukumani mchezo huu ulikuwepo kabla ya TV.

Kule kuna makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, na upinzani wao ni Simba na Yanga kabisa. Baada ya mavuno wanakutana uwanjani, wanacheza kwa wakati mmoja, kila kundi na upande wake. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi, basi! Kwa hiyo kila mbinu ruksa. Kuna wanaoingia na chatu hai, kuna wanaoingia na nungunungu. Na kulikuwa na waliotoa sanamu za mbao zenye mikono ya kuchezesha. Mtu anaacha ngoma ya kule, anakimbilia huku kuona mti unacheza! Nyingine zilikuwa za kuchekesha tu, maana anayecheka haondoki.

Baadhi ya sanamu za ngoma zipo Makumbusho ya Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Nyingine zilibebwa hadi Ulaya, zimekaa nyuma ya vioo, na mara nyingi kibao kinasema "Wasukuma", full stop. Gado tunamjua kwa jina, na anastahili. Fundi aliyefanya kipande cha mti kiwahamishe watazamaji wa Bagalu mchana kweupe, hata kijiji chake hakikuandikwa.