Wengi Wape, Lakini Wamesikia kwa Nani?

Leo tuache kidogo mambo ya programu na seva, twende Marafa. Najua wengine mtauliza, Marafa na kompyuta wapi na wapi? Subirini kidogo, mtaona.

Marafa iko ng'ambo ya mto Sabaki, kaskazini magharibi ya Malindi. Wageni huenda kuangalia korongo la Nyari. Wenyeji watakusimulia habari za familia tajiri iliyokuwa na ng'ombe wengi hadi ikawa inaoga maziwa, Mungu akakasirika, ardhi ikawameza. Udongo mweupe unaouona ndio maziwa, mwekundu ndio damu. Wataalamu wa miamba wao wanasema ni mvua na upepo vimemomonyoa mawe ya mchanga kwa miaka mingi.

Sasa, ukiuliza watu kumi pale na wote wakakupa hadithi ileile ya maziwa, je, una mashahidi kumi? Hapana. Kila mmoja kaipata kwa aliyemtangulia. Ni faili moja lililonakiliwa mara kumi. Hadithi yenyewe ina mafunzo mazuri juu ya kufuja mali mahali penye ukame, lakini idadi ya wasimulizi haiongezi ushahidi hata chembe.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1907 Francis Galton, Mwingereza, alichapisha matokeo ya shindano la kukisia uzito wa ng'ombe kwenye maonyesho ya Plymouth. Kadi 787 zilihesabika. Kisio la katikati lilikuwa ratili 1,207, na uzito halisi ulikuwa 1,198. Kosa halifiki hata asilimia moja! Umati ule ulipata kwa sababu kila mtu aliandika kadi yake peke yake. Aliyezidisha alisawazishwa na aliyepunguza.

Mwaka 2011 watafiti wa Zurich walijaribu kuwaonyesha watu makisio ya wenzao kabla ya kukisia tena. Majibu yalisogeleana, lakini hayakuukaribia ukweli zaidi. Kilichoongezeka ni watu kujiamini. Yaani hasara juu ya hasara.

Basi tuseme kusikilizana ni kubaya? Hapo ndipo historia ya Wagiriama inapotusaidia.

Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 Wagiriama walikuwa wameshatawanyika kutoka Kaya Fungo, makao yao ya kale karibu na Kaloleni, hadi ng'ambo ya Sabaki. Huko kaskazini walipata ardhi nzuri, wakalima nafaka na kuiuza pwani. Mtu mwenye nafaka ghalani hana haja ya kwenda kuwa kibarua kwenye shamba la mtu mwingine. Lakini serikali ya Kiingereza ilitaka vibarua, ikataka na kodi. Mwaka 1912 ilimpeleka Arthur Champion kuwasimamia Wagiriama. Ikategemea machifu iliowateua yenyewe, ambao watu hawakuwa na desturi ya kuwatii.

Angalia kosa la serikali hapo. Machifu wale walikuwa na kila sababu ya kumpa bwana mkubwa jibu alilotaka kusikia. Unaweza kuwa na wapasha habari ishirini, ukajiona umesikia watu ishirini, kumbe unasikia mwangwi wa sauti yako mwenyewe.

Upande wa pili alikuwako Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane. Hakuwa na cheo katika baraza la wazee, wala mamlaka juu ya mtu. Mwaka 1913 alizunguka vijijini akizungumza na watu, kisha wengi wakakutana Kaya Fungo. Wanawake walikula kiapo cha mukushekushe, wanaume kiapo cha fisi, kwamba hawatashirikiana na serikali. Mzee Wanje wa Mwadori alikuwa pamoja naye.

Je, Mekatilili aliwafundisha Wagiriama kwamba kodi na kazi ya kulazimishwa ni mbaya? Kwa maoni yangu, sivyo. Hilo kila mtu alilijua nyumbani kwake bila kuambiwa. Asichokijua ni kama jirani yake atakataa pia. Akikataa peke yake, ataumia peke yake. Walipokutana, kila mmoja aliona kwa macho yake kwamba wenzake wako tayari, na wenzake wakamwona yeye. Kiapo kikafunga mlango wa kugeuka.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Swali la "ng'ombe huyu ana ratili ngapi?" linataka kila mtu afikiri kwanza peke yake. Swali la "je, tutasimama pamoja?" haliwezi kujibiwa na mtu aliyejifungia chumbani. Kusikilizana ndiko jibu lenyewe.

Serikali ilidhani ni tatizo la seva moja, ukiizima mtandao wote unalala. Oktoba 1913 ikawakamata Mekatilili na Wanje, ikawapeleka Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 wakatoroka na kurudi pwani. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile Uingereza ilipoingia vitani na Ujerumani, Champion akailipua Kaya Fungo kwa baruti. Wagiriama hawakunyamaza. Vita vikazuka, maana uamuzi haukuwa umehifadhiwa kwenye kaya, ulikuwa umeshagawanywa nyumba kwa nyumba.

Lakini tusiishie kwenye kupiga makofi. Mekatilili alikamatwa tena mwezi huo wa Agosti. Wagiriama walishindwa kwa bunduki, nyumba zikachomwa, wakatozwa faini ya rupia 100,000, wakaamriwa kutoa vibarua 1,000, na walioishi ng'ambo ya Sabaki wakafukuzwa huko. Kiapo kililiwa Kaya Fungo, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu kutoka Marafa, ila gharama kubwa iliwaangukia watu wa kaskazini. Swali la "tutasimama?" lilijibiwa vizuri sana. Swali la "serikali hii ina nguvu kiasi gani, na tukishindwa nani atalipa?" ni la aina ya ng'ombe wa Plymouth, na kiapo si chombo cha kulipimia. Hata hivyo baada ya vita vikuu Wagiriama waliruhusiwa kurudi kaskazini, na ndiyo maana Marafa ya leo ni ya Wagiriama.

Mwaka 2017 utafiti mwingine, safari hii Marekani, ulionyesha kwamba kusikilizana kunaweza hata kuboresha makisio, mradi pasiwe na mtu mmoja ambaye wote wanamtazama. Akiwapo, kundi zima humfuata, awe sahihi au amepotea.

Kwa sisi tunaoandika programu, hili ni la kila wiki. Timu inaulizwa kazi itachukua siku ngapi, mkubwa anasema "tatu", meza nzima inaitikia "tatu". Dawa inajulikana: kila mtu aandike namba yake kwenye karatasi, zifunuliwe kwa pamoja, ndipo mjadala uanze. Na mkishakubaliana, hapo sasa msimame pamoja kama watu wa kiapo.

Hata kwenye kikao cha harusi au cha chama cha akiba inafaa. Wahenga walisema wengi wape. Sawa, tuwape, ila tuulize kwanza: hawa wengi wamefikiri wangapi, na wamenakili wangapi?