Mkonge wa Ndungu na Vita vya Wakubwa

Barabara itokayo Same kupitia Kisiwani hadi Ndungu hufuata miguu ya Milima ya Pare, na huko Ndungu upo mkonge. Kila niuonapo hukumbuka swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza juu ya madini ya leo: mataifa makubwa yakiihitaji mali yako, je, una nguvu?

Mkonge si mmea wetu wa asili. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyosalimika ni 62 tu. Kutokana na hiyo yalienea mashamba, na reli ya Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911 kwa kupitia Same, ikayafungulia njia ya bandari. Nyuzi zake zilifunga miganda ya ngano Marekani na kusokotwa kamba za meli Ulaya.

Mwaka 1942 Japani iliteka Ufilipino na Java, na Washirika wakakosa nyuzi zilizotoka huko. Ghafla mkonge wa Afrika Mashariki ukawa zana ya vita. Je, tulipata nguvu? La. Serikali ya Uingereza ndiyo iliyonunua na ndiyo iliyopanga bei, huku watawala wa kikoloni wakiwapeleka watu mashambani kwa shuruti. Uhitaji wa dunia ulimfikia mfanyakazi kama amri, si kama mshahara.

Baada ya uhuru tulifikia kilele cha tani 230,000 hivi mwaka 1964. Lakini wanunuzi walikuwa wamekwisha kupata mbadala, nyuzi za plastiki, na bei ikaporomoka. Wapo wanaolaumu utaifishaji wa mwaka 1967 peke yake. Ni kweli usimamizi wetu mbaya ulizidisha jeraha. Hata hivyo jeraha lilitangulia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulibakiwa na tani 20,000 hivi.

Leo Marekani na China zinagombania madini ya betri, nasi tuna grafiti ya Mahenge na nikeli ya Kabanga. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mkonge unaongeza kwamba hata mtegemewa aweza kufa maskini, iwapo anauza malighafi tu na bei hupangwa na mwingine. Basi mtumishi wa umma anayeketi kujadili mkataba aulize mapema: madini haya yatasafishwa wapi, bei itapangwa na nani, na tutabaki na ujuzi gani siku mnunuzi atakapopata mbadala?