Sura Ambayo Dickens Hakuisoma

Mwezi wa Oktoba 1861, katika mji wa Norwich, mashariki mwa Uingereza, Charles Dickens alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza na riwaya yake ya David Copperfield. Alisimama nyuma ya meza ndogo ya kusomea, taa za gesi zikimmulika, akawasomea watu waliolipa kiingilio. Kusoma kwake kulikuwa nusu maigizo: kila mhusika alikuwa na sauti yake na uso wake. Alimalizia na dhoruba ya Yarmouth, na kila alikoipeleka dhoruba hiyo miaka iliyofuata, hadi Marekani, watu walitoka ukumbini wakifuta machozi.

Riwaya yenyewe ina sura 64. Kuisoma yote kwa sauti kunachukua zaidi ya saa 30, kwa hiyo ilibidi aikate. Alichokata ndicho kinachonivuta mimi. Hii ni riwaya ya makuzi, inamfuata David tangu usiku aliozaliwa. Lakini kwenye toleo la jukwaani David anaingia akiwa tayari kijana mkubwa, akimpeleka rafiki yake Steerforth kwa akina Peggotty. Utoto wote umeachwa nje. Hayupo baba wa kambo mwenye fimbo. Hakuna msiba wa mama. Na halipo ghala la mvinyo la Murdstone na Grinby, ambako mtoto wa miaka 10 anaosha chupa na kubandika lebo kutwa nzima kwa shilingi sita au saba kwa wiki.

Ghala hilo Dickens alilijua. Mwanzoni mwa 1824 baba yake, karani katika ofisi ya malipo ya jeshi la majini, alishindwa kulipa madeni akafungwa katika gereza la Marshalsea, London. Charles alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 12. Alipelekwa kwenye kiwanda cha Warren, jengo bovu lililojaa panya kando ya mto Thames, kufunika na kubandika lebo vikopo vya dawa ya viatu (kiwi, tungesema sisi). Baba alitoka gerezani baada ya kama miezi mitatu, lakini mtoto aliachwa kazini. Baadaye baba aligombana na jamaa aliyemwajiri mwanawe, akamtoa. Mama akataka arudishwe. Hilo la mama Dickens hakulisahau maisha yake yote.

Wala hakulisimulia. Ilipofika miaka ya mwisho ya 1840, akiwa mwandishi maarufu kuliko wote Uingereza, aliandika kurasa chache kuhusu kiwanda kile, akampa rafiki yake John Forster azisome, kisha akaachana na wazo la kuandika kisa cha maisha yake. Badala yake kurasa zile alizihamishia, nyingine neno kwa neno, kwenye sura ya kumi na moja ya David Copperfield. Dawa ya viatu ikawa mvinyo, baba mwenye madeni akawa bwana Micawber.

Riwaya ilitoka kwa vijitabu vya kila mwezi kuanzia Mei 1849 hadi Novemba 1850, kimoja kwa shilingi. Vitabu vya namna hiyo vilisomwa kwa sauti majumbani, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Forster anataja mama mmoja mfanya usafi aliyekuwa hajui kusoma: kila mwezi mwenye nyumba wake aliwaandalia wapangaji chai, kisha akawasomea toleo jipya la Dombey and Son, riwaya iliyotangulia. Mama huyo alishangaa kusikia kuwa yote yale yameandikwa na mtu mmoja. Kwa hiyo tunaposema kitabu cha sauti ni mtindo wa vijana wa simu, tumekosea kwa zaidi ya karne.

Maelfu waliisikia sura ya kumi na moja namna hiyo, kutoka kinywa cha baba, mjomba, mwenye nyumba. Ila si kutoka kwa mwenyewe. Sababu za kawaida zipo: muda ulikuwa mfupi, na dhoruba huuza tiketi kuliko chupa. Nazikubali. Lakini mtu aliyewahi kulia mbele ya hadhira yake kwa ajili ya wahusika wa kubuni, sidhani kama aliuogopa muda peke yake.

Mara moja tu karibu aseme. Mwanawe Henry ameandika kuhusu Krismasi ya 1869, iliyokuwa ya mwisho kwa baba yake. Familia ilicheza mchezo wa kumbukumbu: kila mmoja anarudia maneno ya waliotangulia, kisha anaongeza lake. Zamu ya Dickens ilipofika, aliongeza jina la kiwanda cha Warren na anwani yake. Jicho lake lilikuwa na mng'ao wa ajabu, na sauti yake pia ilikuwa ya namna yake. Hakuna aliyejua maana yake. Mchezo ukaendelea.

Alifariki Juni 1870. Juzuu ya kwanza ya wasifu ulioandikwa na Forster ilitoka mwaka uliofuata, na hapo ndipo watoto wake mwenyewe walipoelewa baba yao alisema nini usiku ule. Mashine ya Edison ya kunasa sauti ilikuja 1877, ikiwa imechelewa miaka saba. Sauti ya Dickens hatunayo.

Tunazo za wengine. Mwigizaji Richard Armitage alirekodi riwaya nzima mwaka 2016, bila kuruka kitu. Unaweka spika masikioni ukiwa kwenye foleni ya daladala, na sura ya kumi na moja inakujia kama sura nyingine yoyote. Hakuna ukumbi, hakuna taa za gesi, hakuna wa kukuona ukifuta uso. Mwanamume mtu mzima anasimulia taratibu jinsi mtoto alivyogawanya senti zake ili zifike Jumamosi, mkate huu leo, ule kesho. Haharakishi. Kisha sura ya kumi na mbili inaanza, na kabla haijaisha mtoto ameibiwa sanduku lake na fedha zake, anashika njia ya Dover kwa miguu.