Mgonjwa Aliye Mbali na Barabara: Historia ya Huduma za Afya Uvira na Milima Yake

Injili ya Marko inatuonyesha watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza, wakafumua dari ili wamfikishe mbele ya Yesu. Sisi tunaoishi kati ya Ziwa Tanganika na milima ya Itombwe hatuhitaji maelezo mengi juu ya ukurasa huo. Katika Nyanda za Juu za Uvira na Fizi, mama aliyeshindwa kujifungua hubebwa kwa machela, wanaume wakipokezana mabegani kwenye njia za utelezi, hadi wafike mahali penye daktari. Kwa zaidi ya miaka 100 serikali na Kanisa vimeleta huduma za afya katika pwani hii, kila kizazi kwa mpango wake. Tunapoitazama historia hiyo, swali letu ni hili: safari ya machela imefupishwa kwa kiasi gani?

Wamisionari wa Afrika, Mapadri Weupe kama walivyozoeleka, walifika Ujiji mwaka 1879. Mwaka 1883 waliweka misheni Kibanga, katika Fizi ya leo, na baada ya miaka ipatayo kumi wakaiacha, maradhi yakiwa mojawapo ya sababu. Kardinali Lavigerie alikuwa ameona mapema kwamba waganga wa Ulaya hawatatosha. Aliwapeleka Malta vijana Waafrika waliokombolewa utumwani, wasomee utabibu na kurudi kama makatekista waganga. Anayejulikana zaidi ni Adrien Atiman, aliyefika Karema, upande wa Tanzania ya leo, mwaka 1889. Wajerumani waliondoka, Waingereza wakaja, yeye alibaki palepale akitibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Kwetu sisi, hilo ndilo jambo kubwa kuliko majengo yote ya wakati ule: mganga anayejua lugha ya wagonjwa, asiyehamishwa.

Serikali ya kikoloni ilichukua njia nyingine. Malale yalipoenea mwanzoni mwa karne ya 20, utawala wa Wabelgiji ulipima watu shingoni, ukawazuia kusafiri bila hati ya afya, na kuwatenga wagonjwa katika kambi. Dawa ya siku hizo, atoksili, iliwapofusha baadhi ya waliodungwa. Watu walikimbia porini walipoona msafara wa waganga, na wazungu wakaandika kwamba wenyeji ni wajinga. Hawakuwa wajinga, walikuwa wameona waliorudi na wasiorudi. Ni kweli kwamba kazi hiyo iliokoa wengi, hasa dawa zilipokuwa bora. Lakini ilianzisha desturi ambayo haijatutoka bado: mganga huja na orodha, huhesabu, huondoka.

Jimbo la Uvira lilianzishwa mwaka 1962, Askofu wake wa kwanza akiwa Danilo Catarzi wa shirika la Waksaveri. Miaka miwili baadaye uasi ulifika. Tarehe 28 Novemba 1964 waliuawa Baraka Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin, na Fizi Padri Giovanni Didonè pamoja na Abbé Albert Joubert, mwana wa Kapteni Joubert aliyelinda misheni za ziwa dhidi ya wauza watumwa. Tuliwaona wakitangazwa wenye heri hapa Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Tunapowaheshimu, tukumbuke pia kilichofuata. Milima ya Fizi ilibaki karibu miaka 20 mikononi mwa waasi wa Laurent-Désiré Kabila, na kizazi kizima kilikua huko bila kuona huduma za serikali.

Ndipo yakaja mageuzi makubwa kuliko yote, na kwa haki tuyasifu. Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 ulitaka huduma ya msingi imfikie kila mtu, na miaka ya 1980 Zaire ikagawanywa katika zoni za afya 306, kila moja na hospitali yake ya rufaa na vituo vyake. Mwaka 2003 zikaongezwa kufika 515. Ilikuwa ramani nzuri, na hospitali za Kanisa Katoliki na za Waprotestanti ziliingizwa humo bila ubaguzi, zihudumie watu wote wa zoni. Mishahara na dawa ndivyo vilivyokosekana. Serikali ilipoishiwa fedha, vituo viliishi kwa kile mgonjwa alicholipa. Kwa hiyo mtu anayebebwa siku nzima hukuta mwisho wa njia bei aliyowekewa mtu wa mjini, na mama aliyekosa malipo huzuiliwa wodini na mtoto wake mchanga. Katika jambo hili hatuoni tofauti kati ya kituo chenye msalaba mlangoni na kisicho nao.

Vita navyo havikuheshimu ramani. Tarehe 6 Oktoba 1996 wagonjwa na wauguzi waliuawa katika hospitali ya Lemera, ya ndugu zetu Wapentekoste, iliyoongozwa wakati huo na daktari Denis Mukwege. Watu wa milimani walikuwa wakiitegemea hospitali hiyo kuliko nyingine yoyote.

Lakini tusidhani shida iko milimani tu. Uvira kwenyewe, kando ya ziwa lenye maji mengi namna hii, kipindupindu hakiishi. Watafiti walilinganisha wagonjwa wa kati ya mwaka 2009 na 2014 na siku ambazo bomba la Regideso lilitoa maji. Waligundua kwamba siku moja isiyo na maji ya bomba iliongeza wagonjwa kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata, ikilinganishwa na siku ya maji ya kutosha. Karibu robo ya wote waliolazwa walitokana na kukauka kwa bomba, na mara nyingi bomba lilikauka kwa sababu umeme ulikatika. Mabomba na matangi mapya yakaanza kujengwa; Aprili 2020 mto Mulongwe ukafurika, ukaua watu na kuharibu mitambo ya kusafisha maji. Kwa maoni yetu, fundi wa pampu na mpanda miti wa mlimani ni wahudumu wa afya sawasawa na muuguzi, na mpango wowote usiowahesabu utaendelea kununua vitanda vya kipindupindu.

Sheria za zoni zinatoa nafasi ambayo wengi wetu hawaitumii. Kila eneo la afya lina kamati ya wananchi, yenye haki ya kuona hesabu za kituo, kujadili bei na kuuliza dawa zilikwenda wapi. Wajumbe huchaguliwa vijijini. Katika mashirika yetu ya msingi mna wakunga, walimu, wavuvi na mafundi. Tunapendekeza kila shirika liulize, katika kikao chake kijacho, ni nani anayekaa katika kamati hiyo kwa niaba yake, na ni lini hesabu zilisomwa mbele ya watu kwa mara ya mwisho.