Uokaji wa Majilio nchini Ujerumani

Uokaji wa Majilio ni desturi ya familia za Kijerumani ya kuoka biskuti, mikate mitamu na keki za viungo katika majuma yanayotangulia Krismasi, kuzihifadhi, kisha kuzila na kuzigawa hadi Epifania, tarehe 6 Januari. Biskuti hizo kwa jumla huitwa Plätzchen, ingawa karibu kila jimbo lina jina lake. Desturi kama hiyo ipo pia Austria, Uswisi na Alsace upande wa Ufaransa.

Sifa yake kuu ni subira. Vyakula vyake vingi haviandaliwi siku ya sherehe. Hupikwa majuma kadhaa kabla na kuwekwa mpaka vikolee, kwa hiyo jiko la Desemba la Mjerumani hufanya kazi ya leo kwa ajili ya siku ambayo bado iko mbali. Asiyelielewa hilo ataiona desturi hii kama rundo la mapishi tu, na atakuwa ameikosa.

Majira na kalenda

Majilio huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Mezani huwekwa shada la matawi mabichi ya msonobari lenye mishumaa minne, na kila Jumapili huwashwa mmoja zaidi. Shada la kwanza linalojulikana lilitengenezwa Hamburg mwaka 1839 na Johann Hinrich Wichern, mwanateolojia wa Kilutheri aliyekuwa akilea watoto maskini. La kwake lilikuwa na mshumaa kwa kila siku ya Majilio, si kwa kila Jumapili tu. Tarehe 6 Desemba ni sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, ambapo watoto huamka na kukuta viatu vyao vimejazwa njugu, machungwa na biskuti. Kwa sababu hiyo biskuti za kwanza lazima ziwe tayari kabla ya siku hiyo.

Baridi na giza vina sehemu yao katika jambo hili. Mjini Berlin, katikati ya Desemba, jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Zamani, wakati huo kazi za shamba zilikuwa zimesimama, njugu na asali za vuli zilikuwa ghalani, na tanuri lililowashwa lilitia joto nyumba nzima. Hata hivyo kwa karne nyingi Kanisa liliyahesabu Majilio kuwa kipindi cha mfungo, na nyama, siagi na mayai vilizuiwa. Ulaji wa bata bukini siku ya Mtakatifu Martini, tarehe 11 Novemba, ulikuwa karamu ya kuuaga utamu kabla ya mfungo huo.

Stollen

Mkate mashuhuri kuliko yote ni Stollen. Ni mkate mzito wa hamira uliojaa siagi, zabibu kavu zilizolowekwa kwenye ramu, lozi, na maganda ya ndimu na machungwa yaliyopikwa kwenye sukari. Ukitoka tanurini hupakwa siagi iliyoyeyushwa ungali moto, kisha hufunikwa kwa sukari laini mpaka uwe mweupe kabisa. Umbo lake refu lililokunjwa huelezwa kuwa ni Mtoto Yesu aliyeviringishwa nguo za kitoto.

Mjini Dresden, katika jimbo la Saksonia, Stollen ilitajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1474 kwenye hati ya hesabu za hospitali ya Mtakatifu Bartholomayo. Mkate wa wakati huo ungewasikitisha walaji wa leo, kwa kuwa ulikuwa wa unga, maji na mafuta ya mimea, kama mfungo ulivyodai. Watawala wa Saksonia walimwomba Papa awaruhusu watu wao kutumia siagi, kwani mafuta ya kupikia yalikuwa ghali na hayakuwa mazuri. Ruhusa ilitoka mwaka 1491 chini ya Papa Inosenti VIII, kwa barua ambayo hadi leo inajulikana kama barua ya siagi, na wenye kuitumia walitakiwa kulitolea Kanisa mchango wa fedha. Ni nadra waraka wa Papa kugusa sufuria za watu kwa kiasi hicho.

Mwaka 1730 mtawala wa Saksonia, August aliyepewa sifa ya Mwenye Nguvu, aliagiza Stollen moja yenye uzito wa takribani tani 1.8 kwa ajili ya gwaride lake kubwa huko Zeithain. Tangu mwaka 1994 Dresden huadhimisha jambo hilo kila Desemba kwa kupitisha Stollen kubwa barabarani. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya uliliwekea ulinzi jina la Stollen ya Dresden, hivi kwamba ni waokaji wa mji huo na vitongoji vyake tu wanaoweza kulitumia.

Fahari ya mji isifunike hata hivyo desturi ya nyumbani, ambayo kwa maoni ya mwandishi ndiyo nzuri zaidi. Huko Saksonia na kwenye milima ya Erzgebirge familia nyingi hazikuwa na tanuri la kutosha mikate hii mikubwa. Walinunua viungo wenyewe, wakavipima nyumbani, wakavipeleka kwa mwokaji wa mtaa akawakandia na kuwaokea. Ili mikate isichanganyike, kila familia ilichomeka kwenye unga kibati au kijiti chenye jina lake. Vibati hivyo vilihifadhiwa kabatini na kurithiwa, na mtu aliweza kutoa kile alichokitumia nyanya yake. Mwokaji naye alijua, kwa kuangalia zabibu, mwaka ulimwendeaje kila jirani.

Stollen iliyookwa vizuri hufungwa na kuwekwa mahali pa baridi kwa majuma mawili hadi manne kabla ya kukatwa. Katika muda huo unyevu wa zabibu husambaa na siagi hushikana na unga. Ikikatwa siku ya kwanza ni mkate mkavu wenye vipande vya matunda. Baada ya majuma matatu inakuwa kitu kimoja.

Lebkuchen

Keki za asali na viungo, Lebkuchen, zina mji wao, nao ni Nürnberg. Mwokaji wake ametajwa huko tangu mwaka 1395, na mwaka 1643 mafundi hao walipata chama chao rasmi. Sababu mbili ziliuinua mji huo. Misitu iliyouzunguka ilikuwa na warina asali wenye haki zao maalumu, nao wafanyabiashara wake walikuwa na njia ya moja kwa moja hadi Venice, bandari iliyoingiza viungo vya Mashariki. Mdalasini, tangawizi, iliki, kungumanga, basibasi, giligilani na karafuu vilikutana na asali mahali pamoja. Karafuu zamani ilitoka visiwa vya Maluku peke yake. Katika karne ya 19 Unguja na Pemba zikawa wazalishaji wakubwa kuliko wote duniani, na kabla ya mwaka 1850 kulikuwa tayari na nyumba ya biashara ya watu wa Hamburg mjini Unguja.

Ufundi wa Lebkuchen ni wa kipekee kwa kuwa hamira haitumiki. Kwa njia ya kale, asali iliyopashwa moto huchanganywa na unga, na donge hilo huachwa mahali pa baridi kwa majuma, pengine miezi. Polepole hujijengea uchachu. Siku ya kuoka huongezwa viungo na potashi, chumvi iliyopatikana zamani kwenye majivu ya kuni. Potashi ikikutana na uchachu hutoa hewa inayoiumua keki. Asiyengoja hapati uchachu, na asiye na uchachu hutoa tanurini vigae. Hata zilizofanikiwa hutoka ngumu, nazo hulainika baada ya siku kadhaa ndani ya kopo lililowekwa kipande cha tofaa.

Aina bora, inayoitwa Elisenlebkuchen, inatakiwa iwe na angalau asilimia 25 ya lozi au njugu nyingine na unga usiozidi asilimia 10. Kwa kuwa haina unga wa kuishikilia, humiminwa juu ya kiduara chembamba kinachofanana na hostia ya kanisani na kuokwa pamoja nacho. Jina la Lebkuchen ya Nürnberg limelindwa Ulaya tangu mwaka 1996.

Nyumba ndogo za keki hiyo, zenye paa la sukari nyeupe, hufuata kisa cha Hänsel na Gretel kilichochapishwa na ndugu Grimm mwaka 1812. Opera ya Engelbert Humperdinck iliyotokana nacho ilioneshwa mara ya kwanza Weimar tarehe 23 Desemba 1893, na tangu hapo kisa hicho kimehesabiwa kuwa cha Krismasi.

Biskuti za nyumbani

Hapa ndipo familia yenyewe inapoonekana. Jumamosi moja ya Majilio meza husafishwa, unga hunyunyizwa, na watoto hupewa vibati vya kukatia vyenye umbo la nyota, mwezi na moyo. Biskuti zao ni za siagi, unga, sukari na yai, zinazosamehe makosa yote. Bibi au mama hujiwekea zile ngumu.

Ngumu mojawapo ni Vanillekipferl, yenye asili ya Vienna. Ni mchanganyiko wa siagi, unga, lozi zilizosagwa na sukari kidogo, kwa kawaida bila yai, hivyo hakuna kinachoushikilia isipokuwa siagi yenyewe. Mikono yenye joto huuyeyusha. Mpishi huukata vipande vidogo, huviviringisha haraka, huvipinda kama hilali na kuvioka hadi ncha zianze tu kubadilika rangi. Kazi ni baada ya hapo. Lazima zizungushwe kwenye sukari ya vanila zingali na uvuguvugu. Zikiwa za moto mno huvunjika, na zikipoa sukari haishiki. Zikifaulu humumunyuka mdomoni kama kileja kilichopikwa na mjuzi.

Springerle, za Uswabi, hukandamizwa kwenye kibao cha mti wa mpea kilichochongwa picha za maua, wanyama au habari za Biblia. Huachwa usiku kucha zikauke juu. Katika oveni sehemu ya chini huinuka huku picha ikibaki kama ilivyo. Zimtsterne, nyota za mdalasini, huokwa kwa lozi na ute wa yai na kupakwa juu ute uliopigwa na sukari. Mpishi mwenye hesabu huzipanga siku moja na biskuti zinazotumia viini, ili yai lisipotee hata nusu yake.

Mwaka 2006 taasisi ya serikali ya Ujerumani ya kutathmini hatari za vyakula ilitahadharisha kuhusu kumarini, kemikali iliyomo kwa wingi katika mdalasini wa aina ya kasia na inayoweza kudhuru ini. Wazazi walishauriwa wasiwape watoto nyota hizo bila kipimo. Mdalasini wa Sri Lanka una kumarini kidogo sana, na tangu hapo wapishi wengi huutafuta.

Desturi ya kale, jiko jipya

Mikate ya Majilio ni ya kale, lakini familia kuoka aina nane au kumi jikoni kwake ni jambo la karne ya 19. Kabla ya hapo sukari ilikuwa anasa ya wenye mali. Mwaka 1747 Andreas Marggraf aligundua mjini Berlin kwamba viazisukari vina sukari ile ile ya miwa, na mwanafunzi wake Franz Achard akaanzisha kiwanda cha kwanza huko Silesia mwanzoni mwa karne iliyofuata. Bei ikashuka. Majiko ya chuma yenye oveni yakaingia kwenye nyumba za kawaida. Kuanzia mwaka 1893 August Oetker, mfamasia wa Bielefeld, akauza bekingi poda katika vipakiti vilivyopimwa kwa nusu kilo ya unga, pamoja na maelekezo ya mapishi. Wanawake waliokuwa wakitegemea tanuri la mwokaji wakawa na uwezo wa kuoka alasiri yoyote. Kulisema hili si kuidharau desturi, maana watu walipopata uwezo, walichochagua kufanya nao kilikuwa kuwaokea wengine.

Uwezo huo uliwahi kupungua. Katika Ujerumani ya Mashariki, kati ya mwaka 1949 na 1990, zabibu, lozi na maganda ya ndimu viliadimika. Viwanda vilitengeneza badala yake vipande vitamu vya nyanya mbichi na vya karoti vilivyopikwa kwenye sukari. Jamaa wa upande wa Magharibi walituma vifurushi vyenye zabibu, lozi na kahawa. Waliopokea waliviokea Stollen, kisha wakaifunga na kuituma Magharibi kama shukrani. Hivyo zabibu ile ile ilivuka mpaka uliolindwa kwa bunduki mara mbili, na familia zilizotenganishwa zikala mkate mmoja.

Mezani

Mlo wa usiku wa tarehe 24 Desemba kwa familia nyingi ni mwepesi kuliko mgeni atarajiavyo. Huwa saladi ya viazi na soseji, ili mpishi naye apate kukaa na wenzake. Bata bukini wa kuchoma, pamoja na kabichi nyekundu na madonge ya viazi, hungoja tarehe 25. Huko Erzgebirge huandaliwa vyakula tisa, kila kimoja kikiwa na maana yake. Kila mtoto hupewa sahani yake ya biskuti, njugu na matunda, na makopo ya bati yaliyofichwa juu ya kabati tangu Novemba hushushwa.

Stollen hukatwa kuanzia katikati kwenda pembeni, na nusu mbili zilizobaki husukumwa zigusane ili sehemu iliyokatwa isikauke. Ikitunzwa hivyo hudumu Januari nzima, na zipo nyumba zinazoweka moja bila kuigusa hadi Pasaka.