Kipimio Nacho ni Shahidi

Mji wa Babati, mkoani Manyara, umekaa kando ya ziwa, Mlima Kwaraha ukiwa umesimama juu yake, na mvua inayonyesha kwenye vilima vya jirani huteremkia ziwani. Mwaka 1990 ziwa hilo lilifurika na maji yakaingia mjini, wala hilo halikuwa furiko lake la kwanza. Baadaye watafiti walibishana kuhusu chanzo: je, mvua ndiyo iliyozidi, au misitu na malisho ya vilimani yalikuwa yamekatwa na kulishwa mno hata ardhi ikashindwa kunywa maji? Mtu hawezi kujibu swali hilo kwa kutazama ziwa peke yake. Lazima arudi kwenye namba za mvua za miaka mingi, alinganishe mwaka na mwaka, aone kama kweli wingu lilibadilika au ni ardhi iliyobadilika chini yake. Na kila namba kati ya hizo ilitoka kwenye chombo fulani kilichosimikwa mahali fulani na kusomwa na mtu fulani. Ninachotetea hapa ni kwamba vyombo hivyo vya kale, yaani vipimajoto, barometa na vipimamvua, vinastahili kukusanywa na kutunzwa Babati kwenyewe, kwa sababu ni sehemu ya ushahidi. Namba ambayo chombo chake kimepotea hubaki kauli ya shahidi asiyeweza tena kuitwa kuhojiwa.

Historia ya vipimo katika nyanda hizi ilianza na misafara. Mwaka 1892 Oscar Baumann, mtu wa Austria, alipita Umbugwe na kando ya Ziwa Manyara akielekea Ngorongoro, na ramani aliyoichapisha miaka miwili baadaye ikawa msingi wa ramani za Kijerumani za eneo hili. Wasafiri wa aina yake walitegemea zaidi barometa ya sanduku dogo, isiyotumia zebaki, na kipimajoto cha kuchemshia maji. Hiki cha pili kilifanya kazi kwa kanuni nyepesi: kadiri unavyopanda, hewa hupungua uzito, na maji huchemka yakiwa na joto pungufu. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Babati, iliyo kama mita 1,350 juu ya bahari, huchemka karibu nyuzi 95.5, na kileleni mwa Mlima Hanang, mita 3,417, karibu nyuzi 89. Kila nyuzi moja ni kama mita 300 za kimo. Kanuni ni safi, lakini hesabu inaonyesha pia hatari yake: kipimajoto kikikosea kwa nusu nyuzi tu, mlima unaongezewa au unapunguziwa mita 150.

Hatari hiyo ilitokea kweli, tena katika safari mashuhuri. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipotoka pwani mwaka 1857, vipimajoto vyao vizuri vilivunjika njiani, wakabaki wakipima vimo kwa kipimajoto cha kawaida cha maji ya kuogea. Kwa chombo hicho Ziwa Tanganyika likaandikwa kuwa na kimo cha futi 1,844, yaani mita 562 hivi, ilhali uso wake uko karibu mita 773. Safari hiyohiyo Speke alifika Ziwa Viktoria na kuandika futi 3,740, ambazo ni mita 1,140, na hapo alikosea kwa mita chache tu. Tofauti ya mita 211 kule Tanganyika ni kama sehemu saba kati ya kumi za nyuzi moja. Namba hizo ziliingia katika ubishi mkali wa chanzo cha Mto Nile, kwa maana maji hayapandi mlima, na kimo cha ziwa kiliweza kumpa mtu hoja au kumnyang'anya. Kwa nini kosa liwe kubwa upande mmoja na dogo upande mwingine? Je, kioo kilikuwa na kasoro kwenye sehemu moja ya mizani yake, au hali ya hewa ya siku ile ilichangia? Karatasi haiwezi kujibu. Kipimajoto chenyewe, kingewekwa leo ndani ya maji yanayochemka mbele ya kipimio cha uhakika, kingejibu mchana mmoja.

Mfano wa Kilimanjaro ni wa upole zaidi, ila unaelekea hukohuko. Hans Meyer alipofika kileleni Kibo mwaka 1889 alitoa kimo cha mita 6,010. Upimaji wa Waingereza mwaka 1952 ukaleta 5,895, namba ambayo watoto wetu bado wanaikariri, na vipimo vya setilaiti vya mwaka 1999 vikaleta 5,892. Mlima haukupungua mita 118 katika miaka 110. Kilichobadilika ni vyombo na njia ya kuvitumia. Kwa mlima jambo hili halitusumbui, kwani tunajua mlima hausogei, hivyo kosa linajulikana kuwa ni la kipimio. Mvua na joto ni mambo mengine kabisa. Hayo hubadilika yenyewe, na chombo nacho hubadilika, na mabadiliko haya mawili huandikwa katika safu moja ya namba.

Vyombo hivyo havikujibeba. Barometa ya zebaki ina mrija wa kioo wenye urefu wa karibu mita moja, na zebaki yake husimama kama sentimita 76 usawa wa bahari. Kuusafirisha kwa miguu kulihitaji mtu mmoja asiyebeba kitu kingine. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na watu wa pwani, walijua kipi kinavunjika na kipi kinavumilia. Msafiri Livingstone alipofariki mwaka 1873, Jacob Wainwright wa msafara wake ndiye aliyeandika orodha ya vilivyokuwamo katika masanduku yake, na Chuma, Susi na wenzao wakavichukua pamoja na mwili kuelekea pwani. Walipofika Unyanyembe walikutana na msafiri Mwingereza, Luteni Cameron, naye akachukua baadhi ya vipimio vya marehemu avitumie katika safari yake mwenyewe. Tukio hilo linafundisha jinsi makusanyo yalivyoundwa. Chombo kiliitwa kwa jina la mzungu aliyekimiliki, na kilipopata bahati ya kurudi Ulaya kikawekwa kwenye kabati la kioo chini ya jina lake. Aliyekibeba, na mara nyingine aliyekiokoa, alibaki nje ya maandishi. Anayekusanya leo ana nafasi ya kurekebisha hilo, maana kadi ya maelezo inayofungwa kwenye chombo yeye ndiye anayeiandika.

Enzi ya vituo ilileta mpangilio mwingine. Kuanzia mwaka 1929 Waingereza walikuwa na idara moja ya hali ya hewa kwa Afrika Mashariki, iliyoongozwa kwanza na Albert Walter na yenye makao makuu Nairobi. Misheni, mashamba makubwa na ofisi za serikali zilipewa kipimamvua cha shaba, na penye uwezo zaidi kikasimikwa kisanduku cheupe chenye kuta za mbao zinazopitisha upepo, alichokibuni Thomas Stevenson wa Uskoti, ndani yake vipimajoto vikining'inia kama mita moja na robo kutoka ardhini. Kila siku saa tatu asubuhi karani, mwalimu au katekista alitoka na daftari, akamimina maji ya kipimamvua katika bilauri yenye mistari, akaandika. Kazi hii haikuwa na sifa yoyote machoni pa watu, nami naiona kuwa moja ya kazi kubwa za uaminifu zilizofanywa nchini katika karne ya 20. Mtu aliandika sifuri siku 150 mfululizo za kiangazi, kwa sababu sifuri nayo ni habari.

Lakini hapohapo ndipo makosa yalipopata mlango. Bilauri ya kipimamvua hutengenezwa kulingana na upana wa mdomo wa chombo chake. Kama kipimamvua kina mdomo wa inchi 5, na bilauri yake ikavunjika, na mtu akaletewa bilauri ya kipimamvua cha inchi 8, basi mvua ya milimita 10 itasomeka kama milimita 4. Daftari litaonyesha ukame ambao haukuwapo. Mti uliopandwa karibu na kituo ukikua, utakinga mvua. Shaba ikipata tundu, maji yatavuja usiku. Rangi nyeupe ya kisanduku ikibanduka, mbao zitavuta jua na vipimajoto vitasoma joto zaidi ya lililopo. Kisha yakaja mageuzi kutoka inchi kwenda milimita na kutoka Fahrenheit kwenda Selsiasi, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, idara ya pamoja ikagawanyika, na Tanzania ikaanza kujenga yake, ambayo baada ya hatua kadhaa ndiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa ya leo. Kila kiungo cha mnyororo huo kinahitaji kuchunguzwa na anayetaka kusema kwamba Babati imekauka au imelowa kuliko zamani.

Atakayesema kwamba namba zote zimeshaingizwa kwenye kompyuta, na kwamba vyuma na vioo vimemaliza kazi yao, ana haja ya kutazama kisa cha Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi Magamba, mkoani Tanga, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ukiwa wa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Aliuliza, akachekwa, akauliza tena alipokuwa Mkwawa, Iringa, mbele ya Denis Osborne aliyekuja kutoa mhadhara. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala, na jambo hilo likachukua jina la Mpemba duniani kote. Mwaka 2016 Burridge na Linden, watafiti wa Uingereza, walionyesha kwamba kuhamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo cha maji kunatosha kuleta tofauti inayofanana na athari hiyo. Ubishi haujaisha, wala simnyimi Mpemba heshima yake, kwa kuwa aliuliza swali la kweli. Ninachokiona ni kwamba nusu karne baada ya makala, swali lililobaki ni la mahali kipimajoto kilipokaa. Majedwali ya namba yalikuwapo muda wote na hayakuweza kulimaliza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Hivi ni vyombo vya mkoloni, vilivyoletwa kupima nchi ili igawanywe mashamba, ilhali watu wa hapa walikuwa na elimu yao ya mvua. Ni kweli. Kwa Wambugwe mamlaka ya chifu yalisimama juu ya mvua, na chifu ambaye mvua ilimkataa aliweza kuulizwa na watu wake. Kipimamvua kilileta elimu isiyomdai mtu yeyote mvua: kilirekodi ukame bila kumwajibisha mtawala. Hilo ni badiliko kubwa katika historia ya siasa ya Manyara, na linastahili kusimuliwa vyombo vikiwa mezani. Kuvitupa hakumrudishii chifu heshima yake. Kunawafutia tu makarani na makatekista, watu wa hapahapa, alama ya kazi waliyoifanya kwa mikono yao.

Kuhusu zebaki sina ubishi. Ni sumu, mvuke wake hudhuru ubongo na figo, na Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania imeuridhia, ulipanga mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje au kuingiza vipimajoto na barometa za kawaida za zebaki. Hatari hiyo ni sababu ya kuharakisha kazi hii. Kipimajoto kilichosahauliwa ndani ya droo ya stoo ndicho kitakachopasuka mikononi mwa mtoto. Kilichoorodheshwa, kikafungwa ndani ya chombo cha pili na kuwekwa mahali penye hewa, hakimdhuru mtu. Barometa iliyopasuka tayari inaweza kuondolewa zebaki na wataalamu, mrija na mizani yake vikabaki.

Sheria haitasaidia sana kuvilinda vyombo hivi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 imeweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa vitu inavyovilinda bila tangazo maalumu, na karibu kila kipimio kilichowahi kusimama Babati ni cha baadaye. Michoro ya miambani ya Kolo, mwendo mfupi tu kwenye barabara ya Kondoa, iliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na ilistahili. Kipimamvua cha 1935 hakina mlinzi, na shaba yake ina bei kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kwa hiyo kazi inawaangukia watu wenye hiari: walimu wa fizikia na jiografia, mapadre na wachungaji, wenye mashamba ya bonde la Kiru, wauguzi wakongwe, maofisa kilimo wastaafu. Hao ndio wanaojua stoo ipi ina sanduku lililofungwa tangu lini.

Namna ya kukusanya ina uzito kuliko wingi wa vitu. Barometa iliyong'arishwa na kutundikwa sebuleni bila maelezo imekuwa pambo. Mkusanyaji asiing'arishe kabla ya kuisoma, kwa kuwa namba ya kiwanda na alama za uhakiki hukwanguliwa kirahisi. Aandike chombo kilikosimama, mwelekeo wa uso wake, miti iliyokuwa karibu, aliyekisoma na tangu mwaka gani, na kwa kipimamvua, kama bilauri kilicho nayo ndiyo yake ya asili. Daftari lisitenganishwe na chombo hata kama jumba fulani la makumbusho la mbali linataka kimoja tu. Kisha chombo kipelekwe mbele ya kipimio cha kisasa, usomaji ulinganishwe, na tofauti iandikwe kwenye kadi hiyohiyo. Kwa nini uangalifu wote huo? Tarehe 3 Desemba 2023 matope yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuua zaidi ya watu 80 Katesh na vijiji vya jirani, na tangu siku hiyo watu wa mkoa huu wamekuwa wakiulizana kama mvua ya namna ile iliwahi kunyesha hapa. Sehemu ya jibu imo katika madaftari ya zamani, na daftari lenye kipimamvua chake pembeni litaaminika zaidi ya lisilo nacho.