Frank Fields

Frank Fields (2 Mei 1914 – 18 Septemba 2005) alikuwa mpiga besi wa muziki wa R&B na jazz kutoka jimbo la Louisiana, Marekani. Anafahamika zaidi kama mmoja wa wanamuziki wa studio ya J&M mjini New Orleans, ambako kuanzia mwaka 1949 hadi katikati ya miaka ya 1950 alipiga dabobesi katika rekodi za Fats Domino, Lloyd Price na Little Richard. Nyimbo hizo zilivuma duniani kote, lakini jina lake halikuandikwa kwenye santuri zake.

Maisha na chombo chake

Fields alizaliwa Plaquemine, mji mdogo kando ya mto Mississippi, kusini ya Baton Rouge. Dabobesi aliyoipiga ni chombo cha mbao chenye nyuzi nne, kikubwa kuliko fidla zote, na mpigaji hukikumbatia akiwa amesimama. Ni chombo kilekile kinachoonekana katika vikundi vya taarabu asilia vya Zanzibar. Katika R&B kilipigwa kwa vidole, na kilikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: kushika mwendo pamoja na dramu, na kutoa sauti ya chini ambayo piano, gitaa na saksofoni huegemea.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa katika bendi ya Dave Bartholomew, mpiga tarumbeta, mtunzi na mtayarishaji aliyekuwa na jicho kali la kuchagua watu. Humo walikuwemo Earl Palmer kwenye dramu, Ernest McLean kwenye gitaa, na Alvin "Red" Tyler na Herbert Hardesty kwenye saksofoni. Usiku walipiga muziki wa dansi kumbini, na mchana waliitwa studio. Kampuni za santuri za Los Angeles kama Imperial na Specialty zilipotaka sauti ya New Orleans, wapigaji waliokodiwa mara nyingi walikuwa haohao.

Studio ya J&M

Studio ilikuwa chumba kidogo nyuma ya duka la Cosimo Matassa, kwenye kona ya mitaa ya Rampart na Dumaine. Hapakuwa na njia ya kurekodi kila chombo peke yake na kuvichanganya baadaye. Mwimbaji na bendi nzima walikaa chumbani pamoja mbele ya maikrofoni chache, na kila sauti ilipimwa kwa umbali: mwenye chombo chenye kelele alisogezwa nyuma, mwenye sauti ndogo akaletwa karibu. Miaka ya mwanzo muziki ulichongwa moja kwa moja kwenye sahani, hivyo aliyekosea noti moja aliwarudisha wenzake wote mwanzo.

Katika hali hiyo mpiga besi hakuwa na pa kujificha, ingawa mara nyingi ndiye aliyesikika kidogo kuliko wote. Msikilizaji wa leo anayetumia spika ya simu huenda asimsikie Fields kabisa. Inafaa kutafuta spika kubwa.

Rekodi maarufu

Tarehe 10 Desemba 1949 Fields alikuwa katika kikao cha kwanza cha Fats Domino, kilichotoa wimbo "The Fat Man". Piano ya Domino ndiyo inayotawala rekodi hiyo, na besi inatembea chini yake bila kujitokeza. Wimbo huo hutajwa mara nyingi miongoni mwa rekodi za kwanza za rock and roll.

Tarehe 13 Machi 1952 kijana Lloyd Price alirekodi "Lawdy Miss Clawdy" kwa ajili ya Specialty. Fields na Palmer walishika mwendo, na Domino mwenyewe alipiga piano bila kutajwa kwa kuwa alikuwa na mkataba na Imperial. Wimbo ulishika nafasi ya kwanza katika chati ya R&B ya jarida la Billboard.

Kikao kinachosimuliwa zaidi ni cha Septemba 1955, Little Richard alipokuja New Orleans pamoja na mtayarishaji Robert "Bumps" Blackwell. Nyimbo za awali zilitoka baridi. Walipopumzika katika klabu ya Dew Drop Inn, Richard alikaa kwenye piano akaimba wimbo wake wa vilabuni uliokuwa na maneno machafu. Blackwell alimwita Dorothy LaBostrie asafishe maneno, na muda wa studio ukiwa unakaribia kwisha wakarekodi "Tutti Frutti" kwa haraka. Fields na wenzake hawakuwa na nafasi ya kufanya mazoezi marefu. Walichokuwa nacho ni miaka kadhaa ya kupiga pamoja. Mwaka uliofuata alishiriki pia katika "Long Tall Sally" na "Lucille".

Namna ya upigaji

Katika R&B ya mwanzo besi kwa kawaida "ilitembea", yaani ilipiga noti moja kwa kila pigo, ikipanda na kushuka. Bartholomew aliongeza jambo lingine. Alisikia mpigo wa besi katika santuri ya rumba ya Kuba, na mwaka 1949 akaupa saksofoni katika wimbo wake "Country Boy", huku besi na dramu zikiendelea na mwendo wa swing. Baadaye aliufanya uwe mzito zaidi kwa kuzifanya dabobesi, gitaa la umeme na saksofoni ya baritoni zipige noti zilezile kwa pamoja. Santuri za Kuba zilikuwa zikipendwa miaka hiyohiyo huko Leopoldville, zikazaa rumba ya Kongo; New Orleans zilizaa kitu tofauti kabisa.

"Lucille" ni mfano mzuri wa upigaji huo. Kipande kimoja kifupi kinarudiwa karibu wimbo mzima, na vyombo vya chini vimeshikamana kiasi kwamba ni vigumu kujua besi inaishia wapi. Si sahihi kusema Fields ndiye aliyebuni mtindo huo, kwa kuwa mpangilio ulikuwa wa Bartholomew. Lakini bila mpigaji anayeshika mwendo uleule, bila kuongeza mapambo ya kujionyesha, mpangilio kama huo unasambaratika.

Malipo na kutajwa

Wanamuziki weusi wa New Orleans walikuwa na tawi lao la chama cha wanamuziki, nambari 496, lililotengwa na lile la wazungu. Kiwango cha chama katika miaka ya 1950 kilikuwa takriban dola 41 kwa kikao cha saa tatu. Malipo yaliishia hapo. Mtunzi alistahili mrabaha kila santuri ilipouzwa, lakini mpiga besi alilipwa mara moja tu, wimbo ukiuza elfu moja au milioni. Majina ya wapigaji yalikusanywa baadaye na watafiti, hasa kutoka makaratasi ya vikao na kumbukumbu za wanamuziki wenyewe.

Miaka ya baadaye

Mwaka 1957 Palmer alihamia Los Angeles, akawa mmoja wa wapiga dramu waliorekodi nyimbo nyingi zaidi nchini. Fields alibaki nyumbani. Gitaa la besi la umeme lilipochukua nafasi ya dabobesi katika studio nyingi, yeye aliendelea na jazz ya jadi ya mji huo, pamoja na kundi la mpiga banjo Albert "Papa" French na katika ukumbi wa Preservation Hall.

Fats Domino na Little Richard waliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame mwaka 1986, Bartholomew mwaka 1991, Palmer mwaka 2000 katika kundi jipya la wapiga vyombo wasindikizaji, na Matassa mwaka 2012. Fields hayumo. Jengo la J&M liligeuzwa kuwa duka la kufulia nguo, na bao la kumbukumbu liliwekwa hapo tarehe 10 Desemba 1999, miaka 50 kamili tangu kurekodiwa kwa "The Fat Man".